Maswali yanayoulizwa sana kuhusu barabara ya Mombo–Soni–Lushoto

Kila ikikaribia Pasaka na kila Desemba napata meseji zilezile, shemeji anauliza kama kigari chake kitapanda, rafiki niliyesoma naye anauliza kuna mteremko kiasi gani, mwingine kasikia lami imefunikwa na udongo anataka nimhakikishie kama mi ndo nakaa na sururu pale kwenye kona. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii. Mi mtoto wa Soni, hii njia nimeipita mgongoni kwa mama, nimeipita kwa miguu, nimeipita juu ya magunia ya karoti na sa hivi naipita na kigari changu mwenyewe.

Barabara yenyewe inaanzia wapi na inaishia wapi?

Inaanzia Mombo, wilaya ya Korogwe, pale njiapanda kwenye barabara kuu ya Chalinze–Segera–Moshi. Ukitoka Dar au Tanga unakata kulia, ukitoka Moshi unakata kushoto, na huwezi kupotea maana milima inakuwa imekusimamia ubavuni muda mrefu kabla hujafika. Ukishakata unaanza kupanda Usambara Magharibi, unafika Soni, halafu Lushoto mjini. Yote ni kama kilometa 33 za lami. Soni iko kama katikati ya safari.

Kilometa 33 tu? Mbona mnasema saa nzima?

Kwa sababu hizo kilometa hazijalala, zimesimama. Mombo iko kwenye mita 400 na kidogo kutoka usawa wa bahari, Lushoto iko kama mita 1,400, kwa hiyo unapanda kama kilometa moja kwenda juu huku umebanwa na mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na kona ikiisha hii inakuja nyingine haijakupa hata nafasi ya kumeza mate. Ukiwa na gari yako bila haraka hesabu saa moja, ukiwa nyuma ya Fuso lililojaa hesabu linavyotaka lenyewe.

Gari yangu ndogo itapanda?

Itapanda. Vitz zinapanda, Passo zinapanda, IST ndo usiseme, zimejaa Lushoto kama kuku. Kinachosumbua magari sio udogo ni ubovu. Kama rejeta yako inavuja na umekuwa unaidanganya kwa kuongeza maji kila asubuhi hapo Dar, basi huku itakuumbua kabla ya Soni. Angalia maji, oili na tairi ukiwa bado Mombo, mshale wa joto ukianza kupanda zima AC, tafuta sehemu pana usimame, acha ipoe, na mfuniko wa rejeta usiuguse wakati injini ya moto hata kama abiria wote wanakupigia kelele ufungue.

Otomatiki nayo inapanda vizuri, ila zima kile kitufe cha O/D, gari ikae kwenye gia yenye nguvu isiwe inahangaika kubadilisha kila kona.

Na kushuka?

Hapa ndo nataka usome vizuri maana watu wanaogopa kupanda wakati kupanda hakuna shida, gari ikishindwa inasimama basi. Shida iko kwenye kushuka.

Mjomba wangu alikuwa anaendesha Canter ya kabichi miaka mingi na neno lake lilikuwa moja tu, gia unayopandia ndo gia ya kushukia. Maana yake kama kipande fulani ulikipanda na namba 2, ukirudi kishuke na namba 2, injini yenyewe inaishikilia gari na wewe breki unaigusa tu kwenye kona. Otomatiki weka 2 au L. Kuna watu wanaweka fri ili wabane mafuta, huyo ukimjua mwambie ashuke na bodaboda.

Mi mwenyewe yalinikuta. Leseni ilikuwa na miezi miwili, nimeazima gari ya ndugu, nashuka kutoka Soni nimeweka D na mguu uko kwenye breki muda wote kama nimeusahau pale. Kidogo nasikia harufu kama mtu anachoma kiatu. Nikajua ni lori la mbele. Nikaendelea. Breki ikaanza kuwa laini, nakanyaga inakwenda mbali, ndo nikaelewa kiatu kinachochomwa ni changu. Nikavuta handibreki taratibu nikaegesha kwenye kipana fulani, nikashuka, moshi unatoka tairi za mbele zote mbili. Nikachukua chupa ya maji nimwagie, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, “Onga mshi. Kijana, hayo maji kunywa wewe.” Mzee mmoja, kanisalimia kwa Kisambaa, kabeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, wala hakuutua. Akaniambia chuma cha moto ukikimwagia maji kinapinda au kinapasuka, kaa hapo mpaka uweze kushika rimu kwa mkono. Nilikaa dakika 40. Yeye alishafika kwake na ng'ombe kashashiba.

Zile kona zina sheria zake?

Zipo, za kwenye kibao na za wenyeji. Za wenyeji ni hizi: kona ambayo huoni mbele unapiga honi kabla hujaingia, sio kwa hasira, mara moja tu inatosha, na ukisikia honi ya juu yako ujue kuna kitu kinashuka. Anayepanda amebeba mzigo apewe njia, maana akisimama pale kuondoka tena ni kazi na akirudi nyuma anarudi na wewe. Ukikuta majani ya mti yamepangwa barabarani usiyapite kama takataka, hiyo ni taarifa kwamba baada ya kona kuna gari imeharibika. Na ukikuta jiwe kubwa limebaki katikati ya lami, hilo lilikuwa chini ya tairi ya mtu aliyeharibikiwa na akishatengeneza akaondoka zake bila kuliondoa, sijui watu wa aina hiyo walilelewa na nani, simama sehemu salama ulitoe.

Kuovateki kwenye kona sitajibu.

Naweza kupita usiku?

Lami ni ileile, inapitika, malori ya mboga yanashuka usiku na mabasi mengine yanafika giza limeingia. Ila kama hujawahi kupita, nakushauri ulale Mombo au Korogwe uamke na jua. Usiku huoni ukingo, huoni korongo, na ukungu ukishuka zile taa kali ulizofunga kwa bei mbaya zinakurudishia mwanga usoni, inabidi uwashe za chini utambae. Halafu utakuwa umekosa kuona njia yenyewe, sasa si bora ungebaki nyumbani.

Msimu wa mvua inakuwaje? Nasikia inafunga kabisa.

Kuna siku inafunga, ndiyo. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni kama Oktoba mpaka Desemba, na mvua ikinyesha mfululizo siku kadhaa udongo unakunywa mpaka unashiba, ukishashiba unaachia. Unashuka udongo, mawe, wakati mwingine mti mzima na mizizi yake unakuja kukaa kwenye lami. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, sasa ule upande uliochongwa hauna cha kuushikilia zaidi ya mizizi, na mtaro wa maji ukiziba maji yanahamia barabarani yanaanza kula ukingo wa chini. Kwa hiyo hatari inatoka juu na inatoka chini.

Wazee watakwambia hili la udongo ni la siku nyingi. Mwingereza kwenye miaka ya 1940 na 1950 alilazimisha watu wachimbe matuta mashambani kuzuia mmomonyoko, Wasambaa wakagoma mpaka mpango ukafa. Baadaye toka 1981 mpaka 2000 ulikuja mradi wa kuhifadhi udongo ulioitwa SECAP, wakishirikiana na Wajerumani, wakaja na miti, majani ya guatemala kwenye kontua, ng'ombe afugwe ndani ale hayohayo majani. Hayo yalikubalika zaidi maana yalikuwa na maziwa ndani yake. Ukipita leo angalia mashamba ya juu ya barabara, yaliyopangwa vizuri utayaona, na yaliyolimwa kutoka juu moja kwa moja mpaka chini utayaona pia, mvua ikija shamba la namna hiyo linakufuata hapo chini ulipo.

Ukikuta imefunga usikae chini ya sehemu iliyoporomoka ukipiga picha. Linaloporomoka mara moja linaweza kurudia. Rudi nyuma, egesha, nunua mahindi ya kuchoma kama yapo, subiri greda.

Ikifunga kuna njia nyingine?

Hapa ndo roho ya swali zima. Lami ya kupanda Lushoto ni hii moja. Zipo njia za vumbi, kuna ya kutokea Korogwe kupitia Bumbuli mpaka Soni, na kuna ya Dochi–Ngulwi–Mombo ambayo watu wa Lushoto wameipigia kelele kwelikweli itengenezwe iwe njia mbadala. Ila njia ya vumbi mlimani siku ya mvua, siku ileile ambayo lami imefunga, jamani, hiyo ni kutoka kwenye tope dogo kwenda kwenye tope kubwa. Kwa gari ndogo isahau.

Ndo maana mtu wa huku ukimwambia “kabarabara kenu” anakuangalia tu. Hako kabarabara kakifunga siku moja, mgonjwa aliyepewa rufaa hashuki, gesi haipandi, na karoti zilizong'olewa jana zinaanza kulegea kwenye magunia.

Yale malori yanabeba nini na kwa nini yanajaza vile?

Kabichi, karoti, viazi mviringo, hoho, nyanya, na kwa msimu wake pichesi na peasi kwenye matenga. Yanapakia mchana huko vijijini, jioni yanashuka, usiku yanakimbia barabara kuu ili alfajiri mzigo uwe sokoni Dar. Ile kabichi uliyokatiwa Kariakoo ikiwa bado na umande kwenye majani inawezekana jana saa 10 jioni ilikuwa juu ya kichwa cha mama mmoja anapandisha kilima kuifuata gari.

Yanajaza kwa sababu bei ya safari ni ileile ukijaza usijaze. Sitetei, nasema ilivyo. Ukikuta limekupanga nyuma yake vumilia, dereva wake anaona mbele na wewe huoni, akikuwashia indiketa ya kukuruhusu upite bado angalia kwa macho yako mwenyewe.

Natapika sana kwenye kona, nifanyeje?

Pole, hauko peke yako, Coaster ya Lushoto bila mtapikaji haijakamilika. Kaa mbele, angalia nje mbali, usiangalie simu hata kidogo, kula kitu kikavu kidogo Mombo usije na tumbo tupu wala lililojaa chipsi mayai. Tangawizi ya kutafuna inasaidia, limau la kunusa linasaidia.

Zamani konda alikuwa anagawa rambo, kila mtu na lake, likijaa unafunga fundo. Toka Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku na ile mifuko mbadala ya kitambaa kwa kazi hii haifai kabisa, inavuja, nimekaa pembeni ya mtu aliyejaribu na suruali yangu ni shahidi. Beba kopo lenye mfuniko. Sadolini ndogo inatosha.

Nisipokuwa na gari napandaje?

Yapo mabasi ya moja kwa moja Dar mpaka Lushoto, kwa Dar unapandia stendi ya Magufuli, Mbezi. Pia kuna ya kutoka Tanga. Kama umepanda basi la Moshi au Arusha, mwambie konda mapema akushushe Mombo njiapanda, umwambie mara mbili, maana wanasahau. Pale utakuta Coaster, Hiace na Noah zinaita “Soni Lushoto, Soni Lushoto”, zinaondoka zikijaa, na kujaa kwa huku sio unakokujua wewe. Bei uliza kabla hujakaa, nauli elekezi za LATRA, wasimamizi wa usafiri, zipo, konda anayekuona una begi kubwa la mgongoni anaweza kuzisahau kidogo. Mlipe kilicho halali, mwambie “hongea”, ndo asante ya Kisambaa, utaona anavyocheka.

Bodaboda kutoka Mombo mpaka Lushoto mi siungi mkono. Fupi fupi sawa, Soni kwenda kijijini sawa.

Nitaona nini njiani?

Mombo yenyewe ni joto, mpunga, mabasi na watu wanaokukimbilia dirishani na machungwa. Reli ya zamani ya Tanga nayo inapita hapo. Ukianza kupanda, kama una sikio utasikia linaziba, meza mate. Hewa inabadilika, unafungua kioo unasikia ubaridi na harufu ya mikaratusi, na mtu aliyevaa singlendi anaanza kujikunja.

Karibu na kuingia Soni kuna maporomoko ya maji, unayaona ukiwa barabarani, usisimame kwenye kona kuyapiga picha, nenda mpaka mjini uegeshe urudi kwa miguu, sio mbali. Wakati wa mvua maji yanakuja ya rangi ya chai ya maziwa na kelele yake unaisikia ukiwa ndani ya gari vioo vimefungwa.

Soni ndo kwetu kwa hiyo nitapendelea, ni kamji kadogo kamejibana kwenye njiapanda, kulia inakwenda Bumbuli, na msimu wa matunda watoto na kina mama watakuwekea pichesi kwenye vindoo dirishani kabla hujasimama vizuri. Yale ya juu ndo mazuri, ya chini sitasema kitu, mi pia niliwahi kuuza. Ukisema “mama naomba nimwage nichague” na ukacheka kidogo, atakuachia.

Nani aliijenga?

Wenyeji walikuwa na njia zao za miguu kabla ya mtu yeyote kuleta gurudumu. Vuga, jirani na Soni, ndo yalikuwa makao ya wafalme wa Kisambaa, Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka pale mpaka alipofariki 1862, na mmisionari Krapf alipokwenda kumwona 1848 alipanda kwa miguu kama sisi.

Gurudumu lililetwa na Mjerumani. Reli yake ya Usambara ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Mombo 1905, ikafika Moshi 1911. Lushoto wao waliiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm, wakaifanya makao ya wilaya kwa sababu ya baridi inayofanana na kwao na mbu wachache. Sasa ukiwa na stesheni chini na ofisi juu lazima utafute njia ya kuviunganisha, na ndo uti wa mgongo wa hii tunayoisema. Mbao za Shume, kule kwenye misitu ya juu, wala hawakuhangaika nazo na kona, walifunga waya wakawa wanazishusha angani mpaka Mkumbara kule mbele ya Mombo.

Waliochimba hasa hizo kona ni watu wa huku na majina yao hayako kwenye kibao chochote.

Ikiharibika tumlalamikie nani?

Hii ya lami ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, mkoa wa Tanga. Njia ndogo za vijijini zinazoingia humo ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Watu wanachanganya, wanakwenda kumpigia kelele mwenyekiti wa kijiji ambaye hata reki hana.

Irente viewpoint iko kwenye hii barabara?

Hapana, hiyo ni baada ya kufika Lushoto mjini, unatoka kama kilometa 5 hivi kwa njia ya vumbi, kwa miguu ni saa moja na nusu ya kutembea bila mashindano. Ukisimama pale mwambani unaiona nyika yote ya chini na barabara kuu imekuwa kama uzi, na mabasi ya Arusha unayaona yanatambaa wala huyasikii. Beba jaketi. Juni mpaka Agosti beba mawili.

Nikifika Lushoto ndo mwisho?

Mwisho wa maswali ya lami unaweza kusema hivyo, ila barabara zinaendelea. Unapanda tena mpaka Magamba, kwenye msitu, huko mbele zinagawanyika, moja inakwenda Mlalo na nyingine inapita Shume mpaka Mtae, ukingoni kabisa mwa milima. Ya Mtae kwa kigari chako cha Dar, usiku, wakati wa mvua, tafadhali usinipigie. Nipigie asubuhi, nikuelekeze Coaster inapopakilia.